Ua la Prairi na Walimu Wasiotajwa: Historia ya Ekinasia

Mwaka jana, wakati wa mitihani ya muhula wa pili, nilishikwa na mafua makali. Niliingia katika duka la dawa lililo karibu na chuo chetu hapa Kampala, na muuzaji akanipa pakiti ya vidonge vya kumung'unya. Kwenye pakiti palikuwa na picha ya ua la rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Petali zake zilining'inia kama sketi, na katikati palikuwa na kichwa cha rangi ya machungwa chenye ncha kali kama miiba. Chini ya picha paliandikwa Echinacea. Nilimwuliza muuzaji ua hilo hutoka wapi. Alinijibu bila kusita, "Hilo ni la Ujerumani, nnyabo."

Vidonge vilikuwa vimetengenezwa Ujerumani, kwa hiyo sikuweza kumlaumu. Lakini mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, na wahadhiri wetu wametufundisha kutoamini maandishi ya pakiti. Nilipofuatilia niligundua kwamba kwao ua hilo ni nyanda za nyasi za Amerika ya Kaskazini, na kwamba lilitembea safari ndefu kabla ya kufika dukani Kampala. Katika insha hii nitasimulia safari hiyo. Hoja yangu ni kwamba historia ya ua hili imeandikwa zaidi na wale waliolihamisha kuliko wale waliolijua kwanza, na kwamba bustani zinaweza kulitunza ua huku nchi iliyolizaa ikiangamia. Mwishoni nitaeleza kwa nini jambo hili limenigusa mimi, mtu ambaye sijawahi kufika Marekani.

Kwanza tuelewe mmea wenyewe na makazi yake. Prairi ni neno la Kifaransa lenye maana ya uwanda wa nyasi. Wafaransa waliofika katikati ya Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17 walilitumia kwa sababu hawakuwa na neno jingine la kuelezea nyasi zisizo na mwisho zilizokuwa mbele yao. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuifikiria savana, lakini tofauti ni kwamba miti ni michache sana na majira ya baridi huleta theluji. Kwa hiyo mimea mingi ya prairi ina tabia moja: majani na mashina hufa kila mwaka, lakini mizizi hubaki hai chini ya ardhi na kuchipua tena majira ya kuchipua yanapofika. Wakulima wa bustani huiita mimea ya kudumu. Moto pia ulikuwa sehemu ya maisha ya prairi. Wenyeji waliichoma mara kwa mara, nyasi mpya zikaota, wanyama wakaja, na miti ikazuiwa kuvamia.

Ekinasia ni mmea wa namna hiyo. Wataalamu huhesabu spishi tisa au kumi, na zote asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni Echinacea purpurea, yenye majani mapana, inayopenda maeneo yenye mvua zaidi na kingo za misitu upande wa mashariki. Ya pili ni Echinacea angustifolia, mmea mfupi zaidi wenye majani membamba, unaoishi katika nyanda kavu za magharibi na kuteremsha mzizi mrefu ardhini. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii, maana tutakutana nayo tena Ujerumani.

Watu wa kwanza kulijua ua hili hawakuacha vitabu, lakini waliacha majina. Mwaka 1919 mtafiti Melvin Gilmore alichapisha utafiti wake kuhusu matumizi ya mimea miongoni mwa wenyeji wa eneo la mto Missouri. Humo tunasoma kwamba Waomaha na Waponka waliuita mmea wa majani membamba mika-hi, yaani mmea wa kitana, kwa sababu kichwa chake kikavu kilitumiwa kuchania nywele. Wapawnee waliuita ksapitahako, jina linalotokana na mkono na kuzungusha, kwa sababu watoto walichukua mashina mawili na kuyazungusha katika mchezo wao. Gilmore anaeleza pia kwamba ulitumiwa kwa maumivu ya meno, kwa majeraha ya moto na kwa sumu ya nyoka. Jambo lililonivutia ni kwamba majina hayo yanatuonyesha jamii nzima: mtoto anayecheza, mtu anayechana nywele, mganga anayetibu. Mmea ulikuwa na nafasi katika kila rika.

Sasa tuvuke bahari. Mwishoni mwa karne ya 17 kasisi Mwingereza aliyeitwa John Banister alikuwa Virginia, koloni la Uingereza pwani ya mashariki ya Amerika. Alikuwa akikusanya mimea na kuipeleka kwa Henry Compton, Askofu wa London, aliyekuwa na bustani mashuhuri huko Fulham. Banister aliuawa kwa bahati mbaya mwaka 1692, alipopigwa risasi akiwa safarini kutafuta mimea. Kupitia watu kama yeye, spishi ya mashariki, ile ya majani mapana, iliingia katika bustani za Uingereza.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi tunaoutumia hadi leo, aliliita ua hili Rudbeckia purpurea. Jina Rudbeckia lilikuwa heshima kwa ukoo wa Rudbeck wa Uppsala, ambako Linnaeus alisoma. Mwaka 1787 William Curtis alipoanzisha jarida lake la picha za mimea huko London, picha ya pili kabisa katika jarida hilo ilikuwa ya ua hili. Mwaka 1794 Conrad Moench, profesa wa Marburg, aliona kwamba halifanani vya kutosha na ndugu zake wa Rudbeckia, akalipa jina la Echinacea. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki echinos, yaani kalunguyeye. Aliyewahi kugusa kichwa cha ua hili kikiwa kikavu ataelewa mara moja kwa nini.

Ninakiri kwamba jina la kalunguyeye ni zuri. Hata hivyo tulinganishe. Wapawnee waliupa mmea jina kutokana na walivyoishi nao. Linnaeus aliupa jina la ukoo wa kwao, na Moench akaupa jina kwa sura yake tu. Sayansi ilihitaji jina moja ambalo watu wote duniani wangeelewana nalo, na faida hiyo siikatai. Lakini jina la kisayansi halituambii mmea ulifanya kazi gani, wala ni nani aliyejua.

Ujuzi wenyewe ulianza kuchukuliwa katika karne ya 19. Mwaka 1804 Rais Thomas Jefferson wa Marekani alikuwa ametuma msafara wa Meriwether Lewis na William Clark kupanda mto Missouri. Katika majira ya baridi yaliyofuata, wakiwa katika ngome yao ya Fort Mandan, mfanyabiashara Hugh Heney aliwapelekea mzizi uliotumiwa na wenyeji kutibu kuumwa na nyoka na mbwa wenye kichaa. Mwaka 1805 Lewis aliutuma mzizi huo kwa Jefferson pamoja na maelezo. Watafiti wengi wanaamini kwamba ulikuwa wa ekinasia ya majani membamba. Tunalijua jina la mfanyabiashara, la mpelelezi na la rais. Jina la mtu aliyemfundisha Heney hatuna.

Jambo hilo lilijirudia miaka themanini baadaye. Katika mji mdogo wa Pawnee City, jimbo la Nebraska, palikuwa na mtu aliyeitwa H. C. F. Meyer, ambaye aliuza dawa yake ya kusafisha damu. Ndani yake mlikuwa na mzizi wa ekinasia. Katika miaka ya 1880 Meyer aliwaandikia John King, daktari, na John Uri Lloyd, mfamasia, wote wa Cincinnati. Hawa walikuwa viongozi wa tapo la matabibu waliopendelea dawa za mitishamba. Lloyd alitaka kwanza kuuona mmea mzima, na alipoletewa aliutambua kuwa Echinacea angustifolia. Meyer aliiamini dawa yake kiasi cha kujitolea kwenda Cincinnati aumwe na nyoka mwenye njuga mkiani mbele yao, kisha ajitibu. Mabwana hao walimkatalia. Hata hivyo mwaka 1887 King aliandika kuhusu mmea huo katika jarida la kitabibu, na kampuni ya akina Lloyd ikaanza kutengeneza dawa zake. Katika miongo iliyofuata ekinasia ikawa miongoni mwa mitishamba iliyouzwa sana Marekani, ingawa chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kiliikataa waziwazi mwaka 1909.

Nilipofika hapa nilisimama kwa muda mrefu kwenye jina la mji. Mji uliitwa kwa jina la Wapawnee. Lakini katika miaka ya 1870, muda mfupi kabla ya Meyer kuandika barua zake, Wapawnee walikuwa wamelazimika kuondoka Nebraska na kuhamia kusini, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Jina lao lilibaki kwenye ramani na mmea ukabaki kwenye chupa, lakini wao wenyewe hawakuwapo.

Kuondolewa kwa watu kulikwenda pamoja na kuondolewa kwa prairi. Sheria ya mwaka 1830 ilimpa rais wa Marekani mamlaka ya kuwahamisha wenyeji magharibi ya mto Mississippi. Mwaka 1837, huko Illinois, mhunzi John Deere alitengeneza plau yenye ulimi wa chuma cha pua. Plau za zamani zilikuwa zikinaswa na udongo mweusi wenye kunata, lakini hiyo mpya ilijisafisha yenyewe ikiwa inakata. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi ekari 160 kila mmoja, kwa masharti ya kukaa na kulima. Mizizi iliyojenga udongo huo kwa maelfu ya miaka ikapinduliwa, na mahindi na ngano vikachukua nafasi. Jimbo la Illinois hujiita Jimbo la Prairi, lakini prairi ya asili iliyobaki huko ni chini ya asilimia moja. Mabaki mengi yalisalimika mahali ambapo plau haikupita: kando ya reli na katika makaburi ya zamani.

Mtaalamu wa mazingira Aldo Leopold aliandika kuhusu kona moja ya makaburi ya namna hiyo jimboni Wisconsin katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, baada ya kifo chake. Aliona mmea mmoja mrefu wa prairi, jamaa wa ekinasia katika familia ya alizeti, ukifyekwa na watengenezaji wa barabara bila mtu yeyote kuhuzunika. Kwake yeye, kilichofyekwa kilikuwa ukurasa wa historia.

Ndipo tunapofika Ujerumani, na hapa muuzaji wangu wa Kampala anapata utetezi wake. Katika miaka ya 1930 Gerhard Madaus, daktari na mtengenezaji wa dawa za mitishamba, alitaka kupanda ekinasia kwao. Inasimuliwa kwamba alitafuta mbegu za spishi ya majani membamba, ile ya Meyer na ya wenyeji wa nyanda kavu, lakini mbegu alizozipata Marekani zilipoota zilikuwa za Echinacea purpurea, ile ya majani mapana. Madaus aliendelea nayo. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya utafiti uliofanywa Ujerumani baada ya hapo ulihusu mmea ambao si ule uliotajwa katika habari nyingi za wenyeji wa Missouri. Dawa ilirithi sifa za mmea mmoja, ikatengenezwa kwa mwingine. Kuhusu mafua, uchunguzi wa kisasa umetoa majibu yanayopingana, na faida iliyoonekana mara nyingi ni ndogo. Mafua yangu mimi yaliisha baada ya wiki moja, kama mafua yote.

Wakati huohuo ua lilikuwa likipanda cheo bustanini. Katika hali yake ya asili petali za ekinasia huinama chini. Mswidi Magnus Nilsson alichagua kwa miaka mingi mimea ambayo petali zake zilinyooka, na aina aliyoipata ikaitwa 'Magnus'. Mwaka 1998 chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka. Baadaye wazalishaji, wakiwamo wa bustani ya mimea ya Chicago, waliichanganya Echinacea purpurea na spishi ya manjano inayoitwa Echinacea paradoxa, na rangi za machungwa zikapatikana. Leo kuna ekinasia nyeupe, nyekundu, za kijani, na nyingine zenye petali nyingi hadi kichwa cha kalunguyeye hakionekani tena. Hizo za mwisho hupendeza macho, lakini nyuki hupata chakula kidogo humo.

Mholanzi Piet Oudolf alichukua njia nyingine. Yeye hupanda ekinasia pamoja na nyasi na kuviacha vichwa vikavu visimame wakati wa baridi, kwa sababu huona uzuri hata katika mmea uliokufa. Bustani ya Lurie aliyoipanda katikati ya Chicago ilifunguliwa mwaka 2004. Mwaka 2009 ilifunguliwa sehemu ya kwanza ya High Line mjini New York, bustani iliyo juu ya njia ya reli iliyoachwa, ambako pia alipanga mimea. Tukumbuke kwamba kando ya reli ndiko prairi ilikokimbilia. Sasa maelfu ya watalii hutembea juu ya reli kutazama mimea ya aina ileile, lakini hii imepandwa na kupaliliwa kwa mikono.

Je, tuseme basi kwamba ua limeokolewa? Hapa naona tuwe waangalifu. Ua lililo bustanini limepona kama mtoto aliyelelewa mbali na kwao. Lina afya, lakini halina majirani wake wa zamani, wala moto, wala watu waliolijua. Wapo waliolitambua hilo mapema. Mwaka 1935, katika shamba la mimea la Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, ilianza kazi ya kurudisha prairi nzima kwenye shamba lililochoka, na vijana waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi walishiriki kuipanda. Watafiti wa hapo walijifunza tena jambo ambalo wenyeji walilijua: prairi bila moto huvamiwa na magugu na vichaka.

Mfano wa pili ni Echinacea tennesseensis, spishi inayoishi katika maeneo ya mawe ya chokaa karibu na Nashville. Mwaka 1979 iliwekwa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2011 iliondolewa, si kwa sababu imetoweka, bali kwa sababu imepona. Ilipona kwa kulindwa ardhi yake, pamoja na kupanda mimea mipya palepale kwao. Mfano huu ndio unaonipa moyo.

Wanafunzi wenzangu wanaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Sisi wa ukanda huu tunao mfano wetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo huuzwa kwenye vyungu duniani kote, wakati misitu iliyolizaa imepungua sana.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Kijijini kwetu, nyuma ya nyumba ya bibi yangu, ambaye sisi humwita Jjajja, palikuwa na mululuuza, mti mdogo wenye majani machungu aliotupa tulipopata homa. Kando yake palikuwa na mimea mingine sita au saba, na kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Miaka mitatu iliyopita sehemu ile ya kiwanja iliuzwa na mimea ikafyekwa ili nyumba ijengwe. Mululuuza bado unapatikana kwingineko, na jina lake la kisayansi liko vitabuni. Lakini ile mingine sikuwahi kuiuliza majina. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikidhani Jjajja atakuwapo daima na bustani yake pia.

Jjajja yupo, namshukuru Mungu, ingawa macho yamefifia. Baada ya kuisoma historia ya ekinasia nilimpigia simu nikamwuliza ile mimea iliitwaje. Alicheka, akaniambia nije na daftari, kwa sababu mambo hayo hayasemwi kwa simu. Likizo ijayo nitakwenda. Nitaandika jina la kila mmea, kazi yake, na mahali ulipoota. Na mwanzoni mwa daftari, kabla ya jina la mmea wowote, nitaandika jina la mwalimu wangu.